Karanga Kumi za Dhahabu, Kumi za Fedha: Kisa cha Kaburi la Sipán

Tuanze na karanga. Ziko ishirini, kila moja kubwa mara kadhaa kuliko karanga ya kweli, zimetobolewa na kutungwa kuwa kidani. Kumi ni za dhahabu, kumi ni za fedha. Sonara aliyezifua alikuwa na karanga halisi mbele yake, kwa sababu kile kiuno cha ganda kipo na mikunjo ya ganda ipo. Kidani hiki kilikutwa kifuani mwa mtu aliyezikwa kaskazini mwa Peru takriban miaka 1,700 iliyopita. Karanga za dhahabu zilikuwa zimelala upande wake wa kulia, za fedha upande wake wa kushoto.

(Karanga tunazouziwa stendi ndani ya vikaratasi vya kukunja asili yake ni huko huko Amerika ya Kusini. Zilivuka bahari baada ya safari za Columbus. Kwa hiyo mtu huyu alivaa kifuani chakula ambacho babu zetu walikuwa bado hawajakionja.)

Sasa chukua kidani hicho hicho ukiweke juu ya meza ya mfanyabiashara wa vitu vya kale. Ataona uzuri wake, atakadiria uzito, atataja bei. Kitu kimoja hawezi kukijua hata akikitazama mwaka mzima: zipi zilikuwa za kulia na zipi za kushoto. Meza haina mwili. Na kwa watu waliofua karanga hizo, kulia na kushoto ndiyo iliyokuwa habari yenyewe.

Kisa ninachokichambua kimetokea kwenye kilima kimoja, mwaka mmoja, kwa makaburi mawili. Moja lilichimbwa na wezi kwa haraka. La pili lilichimbwa kwa brashi na penseli kwa miezi mingi. Vitu vilivyokuwa ndani vinafanana sana, mpaka baadhi yake ungedhani vimetoka kwenye karakana moja. Lakini leo kundi moja linatueleza sherehe nzima, nani alivaa nini na kwa nini, na kundi jingine linatueleza karibu hakuna.

Kilima kilichopasuka

Mahali penyewe panaitwa Huaca Rajada, pembeni ya kijiji cha Sipán katika bonde la Lambayeque, si mbali na mji wa Chiclayo. *Huaca* ni neno la Kikechua kwa mahali au kitu kitakatifu. *Rajada* ni Kihispania, maana yake iliyopasuka. Ukipaona kwa mbali unaona vilima viwili vikubwa vilivyoliwa na mvua na kimoja kidogo, kifupi, kisichovutia. Vyote vitatu ni majengo ya matofali mabichi ya udongo, kazi ya watu tunaowaita Wamoche, waliokaa katika mabonde ya pwani hiyo kavu kati ya karne ya 1 na ya 8 hivi. Wainka, ambao kila mtu amewasikia, walikuja karne nyingi baadaye. Wamoche hawakuacha maandishi. Waliacha vyungu, na juu ya vyungu wakaacha picha. Picha hizo tutazirudia, maana bila hizo kisa hiki hakikamiliki.

Hicho kilima kifupi ndicho kilichokuwa na makaburi.

Februari 1987 kikundi cha vijana wa eneo hilo kilitoboa shimo ndani yake usiku. Kazi hiyo ina jina kule: huyo mchimbaji ni *huaquero*, mchimba huaca, na katika vijiji vingi vya pwani ya Peru ni shughuli inayorithiwa kama uvuvi. Safari hii walitumbukia kwenye kaburi la mtu mkubwa. Walitoa dhahabu kwa magunia. Waligombana, kama ilivyo desturi ya mali ya namna hiyo, na habari zikafika polisi. Polisi walivamia nyumba, wakakuta vitu vichache vilivyobaki, wakampigia simu mkurugenzi wa makumbusho ya Brüning mjini Lambayeque, mwanaakiolojia Walter Alva. Alikuwa anaumwa kifua na hakutaka kutoka usiku. Alipoonyeshwa kichwa kidogo cha dhahabu, alisahau kikohozi.

Katika uvamizi mmoja wa polisi, mmoja wa vijana waliolichimba kaburi hilo alipigwa risasi akafa. Jambo hili lisipitwe haraka. Kwa wanakijiji, kijana wao aliuawa kwa ajili ya vitu vilivyokuwa ardhini mwao, kisha akaja msomi kutoka mjini akiwa na walinzi wenye bunduki, akaanza kuchimba palepale. Tofauti kati ya wachimbaji hao wawili, ukiwa umesimama chini ya kilima na ungo mkononi ukitafuta shanga kwenye kifusi, haikuwa dhahiri hata kidogo. Kwa miezi ya mwanzo Alva na wenzake walilala juu ya kilima, wakilinda shimo lao usiku na mchana. Baadaye baadhi ya watu wa kijiji hicho waliajiriwa kwenye uchimbaji.

Kilichokuwa chini

Katika shimo la waporaji Alva alikuta mabaki waliyoyaacha au wasiyoyaona, ikiwemo fimbo nzito ya shaba yenye kijumba kichwani. Shaba iliyokaa ardhini hugeuka kijani na kuvimba, haina sura, na mtu anayetafuta dhahabu kwa mwanga wa tochi huitupa. Tulikumbuke hilo.

Kisha wakaona kitu ambacho jicho la haraka lisingekiona: sehemu ya jukwaa (ndicho kile kilima kifupi) ambapo matofali yalikuwa yamekatwa zamani na shimo kujazwa upya. Mtu alichimba pale enzi za Wamoche wenyewe, akafukia. Wakafuata kifusi hicho cha kale. Kwanza walikuta chumba cha sadaka chenye vyungu 1,137, vingi vikiwa na sura za watu: wapiganaji, wanamuziki, mateka. Wakashuka zaidi, wakakuta mifupa ya mwanamume mwenye kofia ya shaba na ngao, miguu yake imekatwa kwenye vifundo. Mlinzi asiyeweza kuondoka. Chini yake kulikuwa na alama za boriti zilizooza, na chini ya boriti vikanda vya shaba vilivyokuwa vimefunga mbao za jeneza. Mbao zilikuwa zimegeuka vumbi. Vikanda ndivyo vilivyoonyesha umbo lake.

Ndani alilala mwanamume wa makamo. Pembeni yake na kichwani na miguuni walizikwa wengine: wanaume, wanawake vijana, mtoto mmoja, mbwa, na llama wawili. Wanaakiolojia walimpa jina la Bwana wa Sipán. Jina lake mwenyewe limepotea pamoja na lugha yake.

Alikuwa amevishwa tabaka juu ya tabaka, na ilibidi kila tabaka lichorwe kabla ya kuondolewa. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Masikioni alizikiwa jozi tatu za majasi. Nimefurahi kwamba Kiswahili kina neno hili, maana lugha nyingi zinalazimika kueleza kwa sentensi nzima: si hereni ya kuning'inia bali duara pana linalokaa kwenye tundu la ndewe lililopanuliwa, kama walivyovaa bibi zetu wa Lamu. Jozi moja ina bata wa feruzi na dhahabu, nyingine ina paa. Ya tatu ndiyo iliyozunguka dunia kwenye majalada: katikati ya duara amesimama mpiganaji mdogo, urefu wake kama kidole gumba, amevaa joho la vipande vya feruzi, ana rungu mkononi na kidani cha vichwa vya bundi shingoni. Kipini chake cha puani kinacheza kikitikiswa. Yaani huyu mtu mdogo wa sikioni naye ana mapambo yake, na mapambo hayo ni ya aina ile ile aliyovaa mkubwa.

Usoni Bwana alikuwa na vipande vya dhahabu vilivyofunika macho, pua, mdomo na kidevu. Kichwani, taji la dhahabu lenye umbo la mwezi mchanga, upana wake kama sentimita 60. Kifuani, karanga zetu, pamoja na mikufu mipana ya shanga za kombe, maelfu kwa maelfu, baadhi zikiwa za *Spondylus*, kombe mwekundu mwenye miiba anayeishi kwenye maji ya vuguvugu ya upande wa Ecuador na hapatikani kwenye bahari baridi ya Peru. Mkono wa kulia ulishika fimbo ya enzi yenye kichwa cha dhahabu kama piramidi iliyopinduliwa, na juu ya kuta zake kuna picha iliyorudiwa: mpiganaji amemkamata mateka nywele na kumpiga. Kiunoni, njuga za dhahabu zenye umbo la nusu duara, kila moja na sura ya kiumbe mwenye meno ya chui, kisu mkono mmoja na kichwa cha mtu mkono wa pili. Na nyuma ya kiuno, bamba kubwa la dhahabu lenye umbo la shoka pana, na kiumbe yule yule juu yake. Kulikuwa na jingine la umbo hilo hilo, la fedha. Miguuni alivalishwa viatu vya metali.

Karanga za dhahabu kulia, za fedha kushoto. Fimbo ya dhahabu mkono wa kulia. Bamba moja la dhahabu, la pili la fedha. Mgawanyo huu haukutokea kwa bahati, na haupo katika kitu kimoja kimoja. Upo katikati ya vitu.

Picha juu ya chungu

Miaka zaidi ya kumi kabla ya kaburi kufunguliwa, Christopher Donnan wa chuo kikuu cha UCLA alikuwa amekusanya maelfu ya picha za vyungu vya Wamoche na kugundua kwamba wachoraji hawakuchora chochote walichojisikia. Walirudia visa vichache. Kimoja alikiita mada ya kukabidhi. Sasa wengi wanakiita sherehe ya kafara. Chini, mateka walio uchi, mikono imefungwa, wanakatwa shingo na damu yao inakingwa. Juu, watu wakubwa wamejipanga, na kikombe kinapita mikononi mwao mpaka kwa mkubwa kuliko wote. Donnan aliwapa herufi badala ya majina, maana majina hakuna. Wa kwanza, mpokeaji wa kikombe, ana kofia yenye mwezi mchanga juu, majasi makubwa ya duara, pambo la puani la nusu duara, bamba la nyuma ya kiuno, na mara nyingi mbwa karibu yake. Wa pili ni nusu mtu nusu bundi. Wa tatu ni mwanamke mwenye kilemba chenye vishada virefu.

Watafiti wengi walidhani hawa ni miungu. Nani amewahi kukutana na mtu mwenye mdomo wa bundi?

Jeneza la Sipán lilipofunguliwa, Donnan na Alva walikuwa wakimtazama yule wa kwanza. Si kwa pambo moja. Bamba la nyuma ya kiuno, kwa mfano, linavaliwa hata na wapiganaji wa kawaida kwenye picha za vita. Peke yake halithibitishi kitu. Ila mwezi mchanga juu ya kichwa, majasi ya duara, pambo la pua, bamba, njuga, fimbo ya enzi, na mbwa, vyote kwa mtu mmoja, katika mpangilio mmoja: hapo nafasi ya bahati inakuwa ndogo. Mwaka uliofuata, kwenye jukwaa lile lile, likapatikana kaburi la mtu mwenye kilemba cha bundi na kikombe cha shaba karibu na mkono wake. Wa pili. Mwaka 1991 huko San José de Moro, bonde jingine kabisa, Donnan na Luis Jaime Castillo wakafukua mwanamke mwenye vishada virefu vya kilemba na kikombe. Wa tatu.

Kwa hiyo walikuwa watu. Walivaa, wakacheza nafasi zao, wakafa, wakazikwa na mavazi ya kazi yao.

Na kafara yenyewe? Kuanzia 1995, katika Huaca de la Luna, jengo jingine la Wamoche karibu na Trujillo, Steve Bourget alifukua mifupa ya wanaume zaidi ya 70 kwenye ua mmoja, wengine wakiwa ndani ya matope yaliyokauka, dalili kwamba waliuawa wakati wa mvua kubwa katika nchi ambayo mvua ni habari. Pingili za shingo zilikuwa na alama za kisu. Wengi walikuwa na majeraha ya zamani yaliyopona, kama ya watu waliozoea kupigana.

Ukiyaweka hayo pamoja, dhahabu ya Sipán inabadilika mbele ya macho yako. Tazama tena zile picha na uangalie nani amevaa na nani hajavaa. Vita vya Wamoche vinapochorwa, mshindi hachorwi akiua uwanjani. Anachorwa akimvua mwenzake. Kofia inadondoka, nywele zinakamatwa, silaha na mavazi ya aliyeshindwa yanafungwa mzigo na kubebwa begani kwa rungu, na mwenyewe anatembezwa uchi na kamba shingoni. Sherehe yote, kuanzia uwanjani mpaka kwenye kikombe, ni habari ya watu wanaovuliwa na mtu mmoja anayezidi kuvishwa. Kwa mantiki hiyo pambo si nyongeza juu ya mwili. Ndilo linalomfanya mtu awe mtu mbele ya wenzake, na kulipoteza ni kuanza kufa. Sasa rudi kwenye ile fimbo ya enzi: picha iliyo juu yake ni mateka akikamatwa nywele. Rudi kwenye njuga: kichwa kimekatwa. Bwana alivaa tendo lenyewe alilolisimamia.

Ongeza sauti na mwanga. Makumbusho hutunyima hivi viwili kwa sababu vitu vimekufa ndani ya kioo. Njuga za nusu duara hulia mtu akitembea. Bamba la nyuma hugonga paja. Mabamba madogo ya shaba iliyopakwa dhahabu yaliyoshonwa kwenye bendera na nguo hutetemeka na upepo na kurusha jua la jangwani pande zote. Pambo la pua linafunika mdomo, hivyo mvaaji wake hawezi kula wala kunywa bila mtu kulinyanyua, na uso hauonyeshi huzuni wala furaha. Nadhani watu waliosimama chini ya jukwaa hawakuona mwanamume wa makamo. Waliona jua likitembea na kelele zake.

Mafundi wenyewe walijua walichokuwa wakifanya, na walikifanya kwa njia ambayo sonara wa leo angeiona ya ajabu. Heather Lechtman wa chuo kikuu cha MIT, aliyechunguza metali za Andes kwa miaka mingi, alieleza jinsi mafundi walivyochanganya dhahabu, fedha na shaba, wakafua bamba, wakalichoma motoni na kulisafisha kwa tindikali za asili mara nyingi mpaka shaba ya juu ikaondoka na dhahabu ikabaki usoni. Hakuna dhahabu iliyopakwa. Imetolewa kutoka ndani. Hoja yake ni kwamba kwa watu hawa rangi ya nje ilipaswa kuwa na asili ndani ya kitu chenyewe. Lakini Wamoche hao hao walijua pia kufunika shaba kwa utando wa dhahabu mwembamba kuliko wanachoweza kuona macho, kwa kuiyeyusha kwenye maji ya chumvi na madini bila umeme wowote, kama vitu vya Loma Negra, makaburi mengine ya Wamoche, alivyovichunguza Lechtman vinavyoonyesha. Kwa hiyo siwezi kukubali moja kwa moja kwamba kila kitu kilikuwa falsafa ya undani. Vingine vilikuwa vya kung'aa tu, na kwa sherehe inayotazamwa kwa mbali, kung'aa kunatosha.

Panapovuja

Uchambuzi wa haki lazima uonyeshe panapovuja. Picha nyingi nzuri za sherehe hiyo zimetoka mabonde ya kusini, au zimechorwa muda mrefu baada ya Bwana wa Sipán kuzikwa. Mwanamke wa San José de Moro aliishi karne kadhaa baada yake. Basi tunatumia picha za wajukuu wa wajukuu kueleza kaburi la babu, na tena wa ukoo wa bonde jingine. Mtu akisema kwamba hilo ni sawa na kueleza harusi ya karne ya 15 kwa kutumia video ya harusi ya mwaka jana, ana hoja.

Jibu lililo bora kabisa limetoka kwenye jukwaa lile lile. Jengo hilo lilipanuliwa mara kadhaa, awamu juu ya awamu, na kaburi la Bwana liko kwenye awamu ya mwisho. Chini, kwenye awamu za mwanzo, mwaka 1989 Alva alikuta mtu mwingine, wa vizazi vya nyuma, waliyemwita Bwana Mzee. Hakuwa na jeneza la mbao. Lakini alikuwa na fimbo za enzi, za dhahabu na fedha, mabamba ya nyuma, njuga, mapambo ya pua. Na kidani cha shanga kumi za dhahabu, kila moja buibui kwenye utando wake, mgongo wa buibui ukiwa na uso wa mtu. Buibui hukamata, hufunga, kisha hunyonya. Mtu aliyejua kilichofanyika juu ya jukwaa hakuhitaji kuelezwa maana ya kidani hicho.

Basi cheo kilirithiwa. Mtu alikwenda na mapambo yake kaburini, na mrithi wake alifuliwa mengine. Hili ndilo linaloeleza jambo linalowashangaza wengi, kwamba utajiri wote huu ulizikwa badala ya kupokezanwa kama taji za Ulaya, au kama siwa ya Pate iliyotoka mkono hadi mkono. Kwa Wamoche, naona, vitu vilikuwa vya nafasi ile katika mwili ule. Kwa nini karanga, hakuna anayeweza kukuambia kwa hakika. Wazo langu, na ni wazo tu: karanga ni mmea wa ajabu, unachanua juu ya ardhi kisha unainama na kuuzika uzao wake wenyewe mchangani ukomae gizani. Kwa mtu anayeshushwa chini ya boriti, si kidani kibaya.

Bamba la Philadelphia

Turudi kwenye kaburi la kwanza, la wezi. Vitu vyake vilisambaa mwaka ule ule: Trujillo, Lima, kisha Ulaya na Marekani. Mwaka 1990 Marekani ilipiga marufuku kwa dharura uingizaji wa vitu vya kale vya Sipán, hatua iliyofuatiwa na mkataba mpana zaidi na Peru mwaka 1997. Lakini bidhaa ilikuwa imeshavuka.

Oktoba 1997 wapelelezi wa FBI waliojifanya wanunuzi walikamata mjini Philadelphia bamba la dhahabu la nyuma ya kiuno, uzito zaidi ya kilo moja, kubwa kuliko lile la Bwana wa Sipán. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 1.6. Lilikuwa limesafirishwa kwenye gari lenye namba za kidiplomasia. Mwaka uliofuata lilirudishwa Peru.

Ni kitu cha kutisha kwa uzuri. Kiumbe mwenye meno yuko juu, kisu mkononi. Wataalamu wanalihusisha na lile kaburi la Februari 1987, na sina sababu ya kupinga. Lakini jaribu kuliuliza maswali yale yale tuliyoliuliza kaburi la pili. Aliyelivaa alikuwa na umri gani? Alikuwa yule wa mwezi mchanga, au mpiganaji tu, maana picha zinaruhusu yote mawili? Alizikwa na nani? Kikombe kilikuwepo? Mbwa je? Alitangulia Bwana wa Sipán au alimfuata, au walikuwa ndugu? Ukubwa wa bamba unatia wazo kwamba huenda aliyeporwa alikuwa mkubwa kuliko huyu tunayemwita Bwana. Huenda. Zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Vitu vya kaburi lililochimbwa kwa subira vilipelekwa Mainz, Ujerumani, vikasafishwa na kutengenezwa, vikarudi Peru mwaka 1993 na kupokelewa kwa heshima za kitaifa pamoja na mifupa ya mwenyewe. Tangu 2002 viko katika makumbusho ya Tumbas Reales de Sipán mjini Lambayeque, jengo jekundu lenye umbo la piramidi. Mgeni huingilia juu na kushuka ngazi kwa ngazi, kwa mpangilio ule ule waliokutana nao wachimbaji, mpaka chini kabisa alikolala Bwana. Karanga zipo. Ukisimama mbele yake unaweza kujua upi mkono wa kulia.

Kwa lile bamba la Philadelphia bado najiuliza swali moja dogo. Bwana wa Sipán alikuwa na mabamba mawili, dhahabu na fedha. Bwana Mzee naye alikuwa na vitu vya jozi ya namna hiyo. Kama kanuni ilikuwa ile ile, basi la Philadelphia lilikuwa na mwenzake wa fedha. Fedha iliyozikwa karne 17 haing'ai; huwa nyeusi, nyepesi kuvunjika, inafanana na bati lililoungua. Usiku ule wa Februari, kwa tochi, huku wakisukumana ndani ya shimo jembamba, huenda mtu alilishika, akaliona halifai, akalitupa nyuma yake kwenye kifusi, pale ambapo kesho yake nusu ya kijiji ilikuwa ikichekecha kwa nyungo.